Mtoto Wako Anakuita Dada

Mwanangu Pendo,

Umetoka kwenda kumuaga Mama Salma, na kwa ninavyomjua yule mwanamke hatakuachia mpaka ule, unywe chai na usikilize habari za majirani wote wa Mungaa. Kwa hiyo nina muda. Rehema amelala kwenye mkeka hapa karibu yangu, tranka lako limefungwa, na baba yako bado yuko Itigi kwenye kazi zake kama kawaida yake kunapokuwa na jambo zito nyumbani.

Sitakuandikia habari za sabuni, ndoo na mashuka. Hayo tumeyapanga wiki nzima, na ukisahau kitu Manyoni kuna maduka. Nakuandikia kwa sababu nina uchungu, na nikikuambia kwa mdomo tutagombana kabla gari halijafika. Mdomo wangu unaujua. Karatasi angalau hainipandishii sauti.

Naanza na lile la Jumamosi. Ulinikuta napepeta mtama ukaniambia, kwa adabu kabisa, macho yako chini: "Mama, nimeongea na Mama Salma. Nikiwa shuleni atakuwa anapita hapa kumwona Rehema, awe anamkumbusha habari zangu." Nikakujibu sawa. Kisha nikaenda kusimama kwenye zizi la mbuzi, nikajifanya naangalia yule aliyekuwa anachechemea, kumbe nalia. Mimi ndiye niliyekuzaa. Mtoto wako anabaki kwenye nyumba yangu, atakula ugali wangu, atalala kitandani kwangu, na wewe umeniwekea mlinzi. Umemchagua jirani aje aangalie nisije nikakufuta.

Kinachoniuma ni kwamba unayo sababu.

Unajua nilivyopata habari za mimba yako? Wewe hukuwepo, basi acha nikusimulie. Ilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kukamua alizeti. Mke wa mwenye mashine, anayependa kuuliza watu mambo mbele za watu, akaniambia, "Mama Pendo, na binti anaendeleaje na ile hali yake?" Nikauliza hali gani. Akawatazama wenzake, wenzake wakatazama magunia. Nikatembea mpaka nyumbani, na gunia langu la alizeti nikaliacha pale pale. Njiani nilikuwa nahesabu nani anajua na nani hajui, na kila niliyemsalimia niliona kama anajua. Nilipokukuta nyumbani ndipo nikasikia kuwa Mama Salma alishajua siku nyingi, na kliniki alishakupeleka yeye.

Nilikuuliza kwa nini umeanzia kwake. Lakini jibu nilikuwa nalo, maana nilikupa mwenyewe. Mwaka ule binti wa jirani yetu alipopata mimba, mimi nilikuwa nasonga ugali na wewe umekaa kando unachambua majani ya mlenda. Nikasema, "Angekuwa wangu huyo, angelala nje na fisi." Nilisema tu, kama watu wanavyosema jikoni. Wewe ukaendelea kuchambua majani. Sijui kama siku ile ulikuwa tayari una mimba. Sitaki unijibu.

Sikukulaza nje. Huwa najisifu kwa hilo, na leo nikijisikia najisifu naona aibu. Nilikuwekea chakula bila kukuambia karibu. Nilipita mbele yako kama napita kwenye kigogo. Unajua huku kwetu jina langu la ubatizo limebaki kwenye daftari la kanisa tu. Tangu nimekuzaa wewe, naitwa Mama Pendo. Anayeniita mimi anakutaja wewe. Mwanzoni nililipenda jina hilo kuliko vazi lolote. Mimba yako ilipojulikana, mtu akiniita njiani nilihisi ananikumbusha kwa makusudi, na hasira ya wote walioniita nilikuletea wewe.

Na yule mvulana? Wazazi wake walikuja mara moja, wakakaa kwenye ncha za viti, wakasema mtoto wao ana mitihani. Baba yako akawasindikiza mpaka nje. Kijana alifanya mitihani yake. Namwona akipita na sare imepigwa pasi, ananiamkia "shikamoo mama", nami naitikia marahaba kwa sababu nimefundishwa adabu. Yeye hakuna aliyejadili aitwe nani.

Sasa nikuambie habari za Mama Salma, maana wewe unamwona malaika na mimi namfahamu tangu hujazaliwa. Anaazima ungo harudishi. Anaongea chakula kikiwa mdomoni. Hajasomea chochote, hajatumwa na ofisi yoyote ya Ikungi, hana kitambulisho wala fulana yenye maandishi. Alizaa Salma akiwa mdogo kuliko wewe, wakamwoza kwa mzee, akaachika, akarudi, akaanza kulima vitunguu. Ni hivyo tu. Hakuna aliyemteua kuwa mama wa mabinti waliozaa, alijiteua mwenyewe, na sisi wengine tukamwona anajipendekeza.

Ulipojifungua, ukaacha kula, ukaacha kuoga, mtoto akilia unamtazama tu. Mimi nikasema ni kiburi. Nikasema anadeka, alidhani kuzaa ni mchezo. Mama Salma alikuja akasimama mlangoni, akakutazama muda mrefu, wala hakunishauri kitu. Alimchukua mtoto akakuambia, "Lala." Basi. Ulilala mpaka jioni, yeye kakaa uani anamtikisa Rehema huku akinilia chakula changu. Kesho yake akarudi. Kila akija alikuuliza maswali yale yale: umekula, umelala, maziwa yanauma? Niliyasikia kutoka jikoni nikayaona ya kijinga. Maswali gani hayo ya kumuuliza mtu kila siku? Ilinichukua muda mrefu kutambua kuwa mimi, niliye nyumba moja na wewe, sikuwa nimekuuliza hata moja.

Halafu akaanza kukuchukua kwenda kwake Jumamosi, pale wanapokutana wale mabinti wenzako na watoto wao, mnakata mikia ya vitunguu, mnaoshana nywele, mnasemezana yenu. Siku moja nilipita nje ya ua wake nikasikia kicheko chako. Ulikuwa hujacheka miezi. Mama wa kweli angefurahi. Mimi nilisimama njiani nikakasirika, nikajisemea, huyu anacheka nini baada ya yote aliyonifanyia? Nikasikia pia Mama Salma anakuita kwa sauti yake ile ya sokoni: "Mama Rehema, lete kisu."

Mama Rehema. Sikuwahi kusikia mtu akikuita hivyo. Huku kwetu jina la namna hiyo mwanamke hulipata akiwa na mji wake. Binti aliyezaa nyumbani huitwa jina lake la utoto, na mtoto huhesabiwa wa bibi, watu wakanyamaza, maisha yakaendelea. Mama Salma aliwaita wote hivyo, Mama nani, Mama nani, vitoto vyenye sare za shule kabatini, na mliitika. Mlikaa wima mkiitwa. Niliona kama anawavisha nguo isiyo yenu.

Nikaamua kumvua mwanangu nguo hiyo. Sikukaa nikapanga, ilianza kidogo kidogo. Kanisani wakiniuliza huyu ni nani nilisema "kitinda mimba wangu", wakacheka, nikacheka. Wewe ukiwa shambani nilimpakata Rehema nikamwambia mama yuko hapa. Alipoanza kutamka maneno nilimkalisha uani nikamwelekeza kwako: "Yule ni dada. Sema dada Pendo." Na mtoto ana akili, alishika upesi. Wewe ulisikia, ukanyamaza. Nilidhani umekubali. Nilidhani hata umefurahi, maana nilikuwa nakurudishia usichana wako, uende shule kama mtu asiye na mzigo.

Siku Mama Salma aliponikuta kwenye somo hilo ulikuwepo, umesimama mlango wa jikoni na sufuria mkononi. Alikuja kurudisha ungo, ajabu ya mwaka.

"Unafanya nini, Mama Pendo?"

"Namfundisha mtoto kuongea."

"Unamfundisha uongo."

Nikamwambia hapa ni kwangu. Akasema, "Ni kwako, ndiyo. Ila mimi nilikuwepo mazishi ya Agnes. Nilikuona ulivyosukumwa. Unataka na huyu naye aje asukumwe?"

Nikamfukuza. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, Rehema yuko hapa, hata kama amelala. Wewe ukaweka sufuria chini, ukamfunga mtoto mgongoni, ukamfuata. Uliporudi baada ya siku kadhaa ulisimama nje ukapiga hodi. Kwenye nyumba uliyozaliwa, Pendo, ulipiga hodi ukangoja uambiwe karibu.

Habari za Agnes ulizipata siku ile kwa vipande, na hukuniuliza, nami sikukueleza. Basi ni hivi. Aliyenilea, yule unayemwita bibi, nilimwita mama. Agnes alikuwa dada yangu mkubwa, ameolewa Itigi. Kila Krismasi alikuja na asali na gauni langu, na kila mwaka gauni lilikuwa kubwa mno au dogo mno. Nilikuwa namcheka. Nilisema dada Agnes hana macho. Alikuwa akinisuka taratibu mno, mpaka nachoka kukaa, nikimwambia fanya haraka anasema "bado kidogo". Nilimwona msumbufu. Nilifurahi akiondoka.

Alikufa nikiwa nimeshaolewa, wewe uko tumboni. Kaburini mzee wa kanisa akasema watoto wa marehemu watangulie kutupa udongo. Wale wanawe wa Itigi wakasogea. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye mstari wa wadogo zake. Shangazi akanisukuma mgongoni, akanong'ona, "Sogea. Na wewe ni wake." Nikageuka nikidhani kakosea. Nikatazama watu, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Wote walikuwa wanajua. Kaburi lote lilijua isipokuwa mimi. Nikatupa udongo kwa sababu mkono wangu ulikuwa tayari umejaa.

Nyumbani nilimwuliza mama. Yaani bibi. Unaona, mpaka leo sijui nimwite nani. Akaniuliza, "Ulikosa nini kwangu?" Sikukosa chakula, sikukosa shule, sikukosa kupendwa. Nilinyamaza, na tangu siku ile nimekuwa nikinyamaza. Lakini lile gauni nimelielewa. Hakuwa na jinsi ya kujua nimekua kiasi gani, na hakuthubutu kuuliza, maana mtu hatakiwi kuuliza sana habari za mdogo wake.

Utasema, basi mama, kama ulijua uchungu huo, kwa nini ukamfanyia mwanangu? Nimejiuliza nikifua, nikipalilia, nikiwa kwenye ibada. Jibu zuri ni kwamba hiyo ndiyo njia niliyoijua, na mimi sikufa. Jibu baya, na naona ndilo la kweli, ni kwamba ilinifaa. Ilinifungia midomo ya watu. Na kuna jambo lingine: mtoto akinitazama akaniita mama kwa sauti ile ndogo, nilihisi kuna kitu nilichoibiwa kimerudishwa. Nilikuwa najilipa kwako, ambaye hukuniibia chochote.

Sitamwomba msamaha Mama Salma, usinisubirie hilo. Sasa tunasalimiana, imetosha. Alifanya kazi yangu, akaifanya vizuri, mbele ya macho yangu, na mwanamke hamsamehei mwenzake kitu kama hicho kwa urahisi. Yeye ndiye aliyekwenda na wewe kwa mkuu wa shule, mkakalishwa nje kwenye benchi mpaka wanafunzi wakatoka kwenda nyumbani, kisha mkaambiwa wazazi wengine hawatapenda, ingawa serikali ilishasema mnaruhusiwa kurudi. Yeye ndiye aliyeuliza huku na huku mpaka shule ya Manyoni ikakubali. Mimi nilitoa mbuzi auzwe kulipia shule, na kila mtu alinisifu kwa mbuzi.

Sasa huko Manyoni utakuta wasichana wanaofanana na wewe na hawafanani na wewe. Watakuuliza umezaliwa na wangapi, na siku moja utaona picha ya Rehema imedondoka kwenye daftari, mtu akauliza "mdogo wako?" Ulimi utataka kusema ndiyo. Mimi ndiye niliyeufundisha. Sikuambii useme nini. Kuna siku za kusema na kuna siku za kujilinda, na wewe ndiye utakayelala kwenye bweni hilo, si mimi. Ninachokuomba ni kwamba uniulize. Piga simu ya jirani, usijali nina hasira au sina, uniulize Rehema amefika wapi kiunoni kwangu, anavaa kiatu cha ukubwa gani, ameota jino lipi, anaogopa nini siku hizi. Uliza mpaka nichoke. Agnes aliogopa kuuliza, na mimi nilikuwa na kabati lenye magauni yasiyonitosha.

Na hili naliandika huku meno yameumana: tafuta mtu kama Mama Salma huko. Si lazima awe mwalimu. Anaweza kuwa mpishi, au mama anayeuza karanga getini. Utamjua kwa sababu hatakuuliza kwanza baba wa mtoto ni nani, atakuuliza umekula. Ukizidiwa, nenda kwake, hata kama mimi nitasikia baadaye kutoka kwa watu. Nimeshasikia mambo kwenye foleni ya alizeti na bado niko hai. Afadhali nisikie nimechelewa kuliko uwe peke yako unamtazama mtoto, au unatazama ukuta, kama nilivyokuona nikasema ni kiburi.

Leo mchana, wewe ukiwa unaanika nguo, nilijaribu kurudisha nilichokifanya. Nilimkalisha Rehema hapa mlangoni nikamwonyesha wewe. "Yule nani?" Akasema dada. Nikamwambia, hapana, yule ni mama. Akacheka. Akanishika kidevu akasema, "Mama." Nikautoa mkono wake, nikakuonyesha tena. Akafikiri ni mchezo, akarudia: akikuonyesha wewe anasema dada, akinishika mimi anasema mama, kila mara kwa nguvu zaidi, anasubiri nimsifu kama nilivyokuwa namsifu. Tulifanya hivyo mpaka akasinzia. Wewe ulikuwa umegeuka unabana nguo kwenye kamba, na mgongo wako ulikuwa umetulia mno. Nadhani ulisikia.

Kwa hiyo unaondoka kesho na mtoto wako anakuita dada. Siwezi kulitengeneza hilo kwa usiku mmoja, wala Mama Salma na Jumamosi zake hawezi. Nimekaa hapa nikitafuta ninachoweza, nimepata kimoja tu.

Kesho tukienda barabarani, Rehema utambeba wewe. Mimi nitajitwika tranka. Watu watakuwepo, wa kanisani watakuwepo, yule wa mashine ya alizeti hawezi kukosa. Gari likisimama mtoto ataelewa kwamba kuna jambo, na atalia. Atanyoosha mikono kwangu na ataniita, mama, mama, mbele yao wote, na kila mfupa wangu utataka kuitika. Sitaitika. Nitasimama na tranka kichwani kama kiziwi. Wewe usinitazame, usisubiri nimpokee, usione aibu. Itika wewe. Sema "abee", useme kwa sauti watu wasikie, hata kama anakusukuma, hata kama anakupiga usoni akinitaka mimi. Kila akiita mama, sema "abee, mwanangu", mpaka kondakta achoke na sisi.

Halafu nipe. Nitambeba mpaka nyumbani akilia, na njia nzima nitakuwa namwambia mama amekwenda shule.

Ni mimi,
bibi yake Rehema.